Mpapai Dume, Mpapai Jike: Kromosomu za Jinsia katika Mimea ya Maua

Walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wakulima na nyote mliojaliwa kufika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jinsia katika mimea itoayo maua. Kabla ya yote nataka tuondoe wazo moja ambalo wengi wetu tulitoka nalo darasani tulipokuwa tukisoma habari za binadamu. Tulifundishwa kwamba XX ni wa kike na XY ni wa kiume, basi tukaamini kwamba kromosomu hizo, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, ndizo zinazoleta jinsia duniani, na kwamba pasipo hizo hakuna dume wala jike. Maua hayakubaliani na wazo hilo. Sehemu kubwa kabisa ya mimea ya maua huzaana kwa chavua na yai bila kuwa na kromosomu yoyote ya jinsia. Na ile michache iliyo nazo imezipata karibuni tu kwa hesabu ya umri wa dunia, kila ukoo kwa njia yake. Jinsia ilitangulia, kromosomu zake zikafuata. Anayetaka kujua Y inazaliwaje asiishie kwa binadamu, maana Y yetu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 150 na alama nyingi za kuzaliwa kwake zimekwisha kufutika. Aende kwa mimea, ambako mambo bado mabichi.

Tuanze na ua lenyewe. Lichukue ua la kawaida ulipasue taratibu kwa kucha. Katikati kuna ovari, na juu yake shingo inayoishia kwenye stigma yenye utomvu wa kunata. Pembeni zimesimama stameni, kila moja imebeba vifuko vya chavua. Ua moja, jinsia mbili. Hiyo ndiyo desturi ya maua, na mmea wa namna hiyo nitauita huntha. Iko mimea inayotenga maua yake lakini haitengi miti: mahindi yana mbelewele juu, ambako chavua hutoka, na chini yana gunzi lenye ndevu, kila unywele ukielekea kwenye punje yake moja. Usipochavushwa unywele huo, punje yake haiwi. Maboga na matango nayo yako hivyo, ua dume na ua jike kwenye mtambaazi mmoja.

Kisha kuna kundi la tatu, ambalo ndilo lililotuleta hapa: mimea ambayo mti huu ni dume na ule ni jike. Mpapai, mtende, mkungumanga, mvumo, spinachi, kiwi, kiazi kikuu. Ni kama spishi 5 au 6 katika kila 100 za mimea ya maua, jumla yake ni spishi zipatazo 15,000. Kundi dogo, lakini halikai mahali pamoja. Limetawanyika katika koo nyingi zisizohusiana kwa karibu, na hiyo ni dalili kwamba kutengana kwa jinsia kumetokea upya mamia ya mara. Kwa mtafiti hiyo ni neema kubwa, kwa sababu jaribio moja la maumbile limerudiwa mara nyingi, nasi tunaweza kulinganisha matokeo.

Kwamba mimea ina jinsia kwa maana halisi hakukuthibitishwa mapema. Wakulima wa mitende huko Mesopotamia walikuwa wakipanda juu ya mti jike na kuuchavusha kwa mkono tangu zama za kale, kwa hiyo vitendo vilitangulia nadharia kwa maelfu ya miaka. Aliyefanya majaribio na kuyaandika ni Rudolf Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1694. Alitenga mimea jike mbali na madume, akakata stameni za mbarika kabla hazijafunguka, akaondoa ndevu za mahindi, akatazama matokeo. Bila chavua hapakuwa na mbegu yenye uhai. Leo twaona ni jambo dogo, lakini wakati ule wapo wasomi waliodhani chavua ni taka ambayo mmea unaitupa.

Karne mbili baadaye, mwaka 1898, Sergei Navashin wa Urusi alionyesha kinachofanyika ndani ya ovari. Punje ya chavua ikitua juu ya stigma huota mrija, mrija unateremka shingoni ukibeba seli mbili za kiume. Moja inaungana na yai, kinapatikana kiinitete. Ya pili inaungana na seli nyingine ya katikati, kinapatikana chakula cha kiinitete, kile ambacho katika punje ya hindi ndicho unga wote. Naomba mkumbuke huo mrija. Punje ya chavua ni kiumbe kidogo kinachoishi kwa seti moja tu ya kromosomu, na inabidi iteremke kwa nguvu zake yenyewe. Tutaurudia mrija huo tukifika kwenye uzee wa Y.

Sasa jaribio ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko yote katika somo hili. Mwaka 1907 Carl Correns, mmoja wa waliofufua kanuni za urithi za Mendel mwaka 1900, alichukua mitambaazi miwili ya jenasi ya Bryonia. Mmoja, Bryonia dioica, una madume na majike mbalimbali. Mwingine, Bryonia alba, una maua ya jinsia zote mbili kwenye mmea mmoja. Alipolichavusha jike la dioica kwa chavua ya alba, watoto wote walikuwa majike. Alipogeuza, akaichavusha alba kwa chavua ya dume la dioica, nusu ya watoto wakawa madume na nusu majike. Tafakarini alichokipata kwa brashi na subira tu. Mayai ya jike la dioica yote yako namna moja, ila chavua ya dume lake ni ya namna mbili, nusu inazaa dume na nusu inazaa jike. Dume ndiye mwenye jozi isiyolingana. Alisema hivyo bila kuiona kromosomu yenyewe chini ya hadubini! Miaka miwili tu kabla yake, Nettie Stevens huko Marekani alikuwa amegundua kromosomu ndogo ya kiume katika mdudu, na katika mimea ya maua kromosomu za jinsia zilianza kuonekana kwa macho mwaka 1923, zikaripotiwa na watafiti mbalimbali mwaka huo huo.

Lakini kwa nini mmea utake kutengana? Ua huntha lina faida inayoonekana wazi: mmea mmoja ukiangukia kwenye ardhi mpya unaweza kujichavusha na kuanzisha ukoo. Mimea yenye jinsia mbalimbali imeikosa faida hiyo, na zaidi ya hapo nusu ya miti haizai mbegu hata moja. Ni gharama kubwa. Kinachoilipa gharama hiyo mara nyingi ni hatari ya kujichavusha. Mtoto wa mmea uliojichavusha hukutana na kasoro zilezile kutoka pande zote mbili, na kasoro zilizokuwa zimejificha zinajitokeza: miche midhaifu, mbegu zisizoota. Mimea mingi huikwepa hatari hiyo kwa njia nyingine, kwa mfano stigma kuikataa chavua ya mmea wake yenyewe. Kutenganisha miti ni njia mojawapo tu, na si ya kawaida.

Hapa ndipo tunafika kwenye kuzaliwa kwa Y, na naomba twende polepole.

Mwaka 1978 Deborah na Brian Charlesworth wa Uingereza waliandika maelezo ambayo hadi leo watafiti wanaanzia hapo. Chukua mmea ambao miti yake yote ni huntha. Siku moja linatokea badiliko katika jeni, yaani agizo moja la urithi kwenye kromosomu, inayohitajika ili chavua ikomae. Mti unaorithi badiliko hilo hauna chavua, umebaki na ovari tu. Umekuwa jike. Hauwezi kujichavusha, kwa hiyo mbegu zake zote zina baba wa nje na ni imara, na ile nguvu ambayo ungeitumia kutengeneza chavua inaingia kwenye mbegu. Ikiwa faida hiyo inafidia hasara, majike wataongezeka katikati ya huntha. Mimea ya hali hii ya katikati, huntha na majike bila dume halisi, tunaifahamu vizuri na si michache.

Majike wakiongezeka, chavua inakuwa na thamani. Mti utakaotoa chavua nyingi zaidi utakuwa baba wa wengi. Sasa linakuja badiliko la pili, jeni inayozima ovari. Mti ulio nalo umekuwa dume. Hadi hapo tuna mabadiliko mawili, na bado hakuna kromosomu ya jinsia. Kuna jeni mbili kwenye kromosomu ya kawaida.

Shida inaanza wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa sababu kromosomu za jozi moja hulala sambamba na kubadilishana vipande. Vipande vikibadilishana kati ya jeni hizo mbili, anaweza kupatikana mtoto aliyerithi badiliko la kuua chavua pamoja na badiliko la kuzima ovari. Huyo hana kitu. Hazai wala hazalishi. Kwa hiyo ukoo ambao jeni hizo mbili zimekaa jirani na hazitengani ndio unaofaulu. Lolote litakalozuia kubadilishana vipande eneo hilo, kwa mfano kipande cha kromosomu kugeuka kichwa chini miguu juu, litakuwa na manufaa na litabaki. Na siku kubadilishana kunapokoma, kromosomu mbili zilizokuwa pacha zinaanza kupita njia mbalimbali. Iliyobeba chavua nzima na kizima-ovari ni Y. Nyingine ni X. Hakuna kilicholetwa kutoka nje. Ni kromosomu za kawaida zilizoacha kuonana.

Je, yapo haya katika mmea halisi, au ni hesabu tu za karatasini? Yapo. Mwaka 2017 watafiti waliosoma jenomu, yaani DNA yote, ya asparaga, mboga inayoliwa machipukizi yake, walikuta kwenye Y yake eneo dogo la herufi za DNA zipatazo milioni 1, lenye jeni 13 ambazo X haina. Ndani yake mna jeni moja inayozima ovari, SOFF, na nyingine inayohitajika ili vifuko vya chavua vikue, TDF1. Dume ambaye SOFF yake imeharibika anakuwa huntha. Miaka karibu 40 baada ya maelezo ya akina Charlesworth, jeni mbili zilizotabiriwa zikapatikana zimekaa pamoja kwenye Y.

Baada ya kuzaliwa, Y inaanza kuchakaa. Mnaweza kuifananisha na mnakili ambaye hana nakala ya pili ya kulinganishia: kila kosa analolifanya linabaki, na anayenakili kutoka kwake analirithi na kuongeza la kwake. X zinakutana mbili ndani ya jike na kubadilishana vipande, makosa yanaweza kuchujwa. Y haikutani na mwenzake. Vipande vya DNA vinavyojinakili vyenyewe vinajazana humo, jeni zinavunjika moja moja.

Hata hivyo, uchakavu wa Y ya mmea unakwenda kwa kusuasua, na hapa ndipo naurudia ule mrija. Chavua iliyobeba Y haina X ya kuisaidia. Inapoota na kuteremka shingoni, jeni zote inazozihitaji kwa safari hiyo, zile ambazo makazi yake ni kwenye kromosomu za jinsia, inabidi zipatikane kwenye Y yenyewe. Chavua ambayo Y yake imepoteza jeni ya aina hiyo haifiki kwenye yai, na upotevu huo unafia hapo hapo. Kwa hiyo kila kizazi kuna usaili mkali ambao Y ya mnyama haipitii kwa kiasi hicho, maana mbegu ya kiume ya mnyama haitegemei sana jeni zake yenyewe.

Mpapai ni mahali pazuri pa kuyatazama haya yote, na nitaukalia kwa muda kwa sababu wengi hapa mmeupanda.

Mpapai una jozi 9 za kromosomu. Jike ni XX. Dume ni XY. Lakini kuna na huntha, naye ana Y ya aina ya pili, inayoandikwa Yh. Mnazitambua jinsia hizi kwa maua. Dume anatoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa maua madogo membamba kwa makumi. Jike maua yake ni makubwa, mafupi, yamebana karibu na shina, ukiyafungua hukuti stameni hata moja, na tunda lake ni la duara lenye uwazi mpana ndani. Huntha ana ua refu kiasi lenye ovari na stameni pamoja, na tunda lake ni la mviringo mrefu lenye nyama nene, ambalo masoko mengi yanalipenda zaidi.

Eneo la Yh lisilobadilishana vipande lina urefu wa herufi za DNA kama milioni 8.1. Eneo linalolingana nalo kwenye X lina milioni 3.5 tu. Y imevimba kwa takataka, haijaanza kusinyaa. Watafiti wameziona alama za vipande viwili vilivyogeuka, cha kwanza yapata miaka milioni 7 iliyopita, cha pili karibu milioni 2. Kwa macho ya hadubini X na Y za mpapai zinafanana kabisa. Ni changa kiasi hicho. Na tofauti kati ya Y ya dume na Yh ya huntha ni ndogo mno, inakadiriwa zimeachana miaka kama 4,000 tu iliyopita. Umri huo unawiana na zama ambazo mpapai ulifugwa na watu wa Amerika ya Kati. Yaani mkono wa mkulima umo katika historia ya kromosomu hii: inaelekea watu waliona mti unaojichavusha na kuzaa bila kuhitaji dume, wakachagua mbegu zake, wakazipanda tena na tena.

Uchakavu wa Y yake unajulikana kwa jambo moja la kusikitisha. Kiinitete cha mpapai chenye Y mbili, bila X, hufa ndani ya tunda. Kuna jeni kwenye X ambazo Y imekwisha kuzipoteza na mti hauwezi kuishi bila hizo. Sasa pigeni hesabu. Huntha akijichavusha, kwa kawaida ungetarajia robo XX, nusu XYh, robo YhYh. Ile robo ya mwisho inakufa. Zinazobaki ni mbegu mbili za huntha kwa kila moja ya jike. Ndiyo maana wanaolima kwa ajili ya tunda refu hupanda miche kadhaa shimo moja, husubiri maua, kisha hung'oa wasiyoitaka. Miche mitatu kwa shimo ikitokana na huntha aliyejichavusha, uwezekano wa yote mitatu kuwa majike ni theluthi mara theluthi mara theluthi, yaani shimo 1 katika 27. Huo ndio msingi wa ushauri ambao wakulima wanapewa, na napenda mkulima aujue msingi wake asibaki kukariri idadi ya miche.

Nitasema neno juu ya imani kwamba dume akikatwa kichwa au akipigiwa msumari shinani anageuka jike. Kromosomu zake hazibadiliki kwa panga wala kwa msumari. Ila ni kweli kwamba mpapai dume mara nyingine hutoa ua lenye ovari na kuzaa tunda dogo kwenye kile kikonyo kirefu, na ni kweli kwamba huntha akipatwa na joto kali maua yake huelekea udume na ovari kudumaa. Mwenye kukata mti na kuona tunda baadaye ameona kitu halisi. Sababu aliyoitaja ndiyo siyo.

Ukitaka kuona Y iliyotangulia mbele kidogo, kuna ua jeupe la Silene latifolia, linalofunguka jioni na kuchavushwa na nondo. Ni miongoni mwa mimea ile ambayo kromosomu zake za jinsia zilionekana mwaka 1923, kazi ya Kathleen Blackburn huko Uingereza na Øjvind Winge wa Denmark. Y yake ndiyo kromosomu kubwa kuliko zote katika seli, na umri wake ni kama miaka milioni 11. Ua dume lina stameni 10, na katikati pale ovari ilipotakiwa kuwa pana kiuzi chembamba tu. Ua jike lina ovari yenye shingo 5, na ukilikata likiwa chipukizi ukaliweka chini ya lenzi unaona vinundu 10 vya stameni vimeanza kuota vikasimama. Yaani jike anajua kutengeneza stameni, ameagizwa aache. Katika miaka ya 1940 Mogens Westergaard alitumia mimea ambayo Y zake zilikuwa zimekatika vipande, akaona kwamba ikikosekana sehemu fulani ua linarudi kuwa huntha, na ikikosekana nyingine stameni hazikui.

Uthibitisho mwingine unaletwa na ugonjwa. Kuna kuvu wa jenasi ya Microbotryum anayeishi ndani ya Silene na kusambaa kupitia vifuko vya chavua. Akiingia kwenye mmea jike, ambao hauna vifuko hivyo, anaulazimisha uvitengeneze. Mmea wenye XX, usio na Y hata chembe, unachanua stameni kamili, kisha ndani ya vifuko badala ya chavua ya njano unakuta vumbi la zambarau iliyoiva la mbegu za kuvu. Kila nikilieleza hili darasani wanafunzi hunyamaza. Maagizo yote ya kujenga stameni yamo ndani ya jike, na kuvu ameupata ufunguo wake.

Msidhani basi kwamba kila mmea umefuata njia ya jeni mbili. Katika Diospyros lotus, ndugu wa miti ya abunusi, watafiti wa Japani na Marekani walikuta mwaka 2014 kwamba Y ina jeni iitwayo OGI ambayo haitengenezi protini. Inatoa RNA ndogo, yaani nakala fupi za DNA, zinazoinyamazisha jeni nyingine, MeGI, iliyo kwenye kromosomu ya kawaida na ambayo kazi yake ni kuzuia udume. Katika miti ya jenasi ya Populus swichi ni moja, jeni iitwayo ARR17: ikiwaka mti ni jike, ikizimwa ni dume. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba jike ambaye jeni hiyo imeharibiwa maabara alitoa maua ya kiume. Na cha ajabu, ndani ya jenasi hiyo hiyo kuna spishi zenye XY na nyingine zenye mpangilio wa ndege, ZW, ambamo jike ndiye mwenye jozi isiyolingana. Kiazi kikuu cheupe cha Afrika Magharibi nacho ni ZW. Katika Rumex acetosa jike ana kromosomu 14 na dume 15, kwa kuwa dume ana X moja na Y mbili, na kinachoamua jinsia si kuwapo kwa Y bali uwiano wa idadi ya X na seti za kromosomu nyingine.

Na milango iliyofungwa hufunguka. Mercurialis annua ni gugu dogo lenye XY. Majike wake mara mojamoja hutoa ua dume moja au mawili. Watafiti waliwapanda majike peke yao, bila dume hata mmoja, wakaacha wazaane kwa chavua hiyo chache. Katika vizazi vinne tu, maua dume kwenye majike yaliongezeka mara nyingi, na mimea ikawa inaelekea kwenye jinsia mbili kwa mti mmoja. Kromosomu zilikuwa zilezile XX. Tangu niliposoma matokeo hayo nimeacha kuwaambia wanafunzi kwamba kromosomu huamua, nasema huelekeza.

Namalizia na matumizi. Katika asparaga Y ni changa na ndogo hata mmea wenye YY unaishi na kuzaa. Wazalishaji wa mbegu humchukua YY huyo wakamchavushia jike XX, na watoto wote wanakuwa XY, shamba zima madume, ambao hawapotezi nguvu kwa mbegu na wanachipua kwa wingi. Kwa mpapai, mtende na mimea mingine kadhaa sasa kuna vipimo vya DNA: kipande kidogo cha jani la mche kinatosha kujua jinsia kabla ya ua la kwanza. Mkungumanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, na kwa miaka hiyo yote mkulima anapalilia na kumwagilia asichokijua.

Kwa wahifadhi jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 2005 mbegu ya mtende yenye umri wa miaka kama 2,000, iliyofukuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, iliota. Ukawa mtende dume. Ilibidi mbegu nyingine za kale ziote na apatikane jike, na tende za kwanza za jozi hiyo zilivunwa mwaka 2020. Encephalartos woodii hana bahati hiyo. Huyu si mmea wa maua, ni wa ukoo wa kale zaidi, lakini jinsia zake nazo ziko kwenye miti mbalimbali. Alikutwa mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, na kila mti wa spishi hiyo uliopo leo katika bustani za dunia ni chipukizi la mti ule mmoja, dume. Jike hajawahi kuonekana.

Kwa hiyo ninyi mnaokusanya mbegu, vipandikizi na sampuli za majani kwa ajili ya hifadhi: mnapofika kwenye spishi ya jinsia mbalimbali, msirudi na mti mmoja. Chukueni kutoka dume na kutoka jike, miti mingi kadiri inavyowezekana, na kwenye kibandiko cha kila sampuli andikeni jinsia yake pamoja na tarehe mliyoliona ua. Asanteni kwa kunisikiliza; niko tayari kwa maswali.